Muulize Bi Daktari: Miguu inayouma, na lini kisu kinafaa

Tangu tulipozungumza juu ya magoti, sanduku la barua limejaa miguu. Mwezi huu nimechagua wale wanaouliza jambo moja: nikatwe au nisikatwe? Barua nimezifupisha na majina nimeyaacha. Mimi ni daktari wa upasuaji wa mifupa hapa Mombasa, kukata ndiyo riziki yangu, kwa hivyo msinidhanie uvivu nikiwaambia wengine wenu mkae mbali na meza yangu.

Bi Daktari, asalaam aleikum. Mimi ni mama wa miaka 52, napika mahamri na mbaazi za kuuza hapa Majengo. Naamka saa tisa usiku, nasimama mpaka saa nne asubuhi. Mguu wa kulia una nundu ubavuni mwa kidole gumba, na gumba lenyewe limeingia chini ya kidole cha pili. Marehemu mamangu alikuwa nayo hiyo hiyo. Siku hizi hata champali yanichoma. Binti yangu yuwaolewa baada ya miezi miwili, nami nataka nivae viatu vya kufunika siku hiyo. Jirani aniambia hukatwa kwa msumeno na hurudi mwaka ukipita. Mwengine ataka kuniuzia kibano cha mpira cha kuvaa usiku. Nimfuate nani?

Waaleikum salaam, mama, na hongera kwa harusi. Tuanze hapo: usikatwe kabla yake. Miezi miwili baada ya upasuaji huu mguu huwa ungali umevimba, na kiatu utakachoweza kuvaa ni raba pana iliyolegezwa kamba. Tafuta makubadhi mazuri, vaa dera refu, na siku ile watu wamtazame bibi harusi.

Sasa nundu yenyewe. Hiyo si nyama, wala si mfupa mpya ulioota. Ni kichwa cha mfupa mrefu unaoelekea kwenye gumba. Mfupa huo umekwenda upande wa mguu wa pili, na gumba limevutwa kwenda kwa wenzake, basi pale kwenye kiungo ndipo panapotokeza pembe unayoishika. Jirani yako ana nusu ya ukweli. Zamani madaktari wengi walikuwa wakichonga kile kilichotokeza tu na kushona. Mfupa ulibaki kwenda kombo kama mwanzo, na nundu ikarudi. Ukisikia daktari leo akikuambia "tutaichonga kidogo tu" bila kusema atafanya nini na mfupa uliokwenda kombo, muage kwa heshima.

Kwamba mama yako alikuwa nayo si ajabu. Jambo hili hufuata ukoo. Viatu navyo huchangia. Mwaka 1958 madaktari wa Hong Kong walilinganisha Wachina waliovaa viatu na wale wa mashuani waliotembea peku. Waliovaa viatu walionekana na gumba lililopinda kwa kiasi cha asilimia 33, na wasiovaa asilimia 2 hivi. Sisi Wapwani tuna bahati ya champali na joto, lakini wako waliozaliwa na mguu wa aina hiyo, na wewe huenda ni mmoja wao.

Kibano cha usiku kinaweza kukupa raha kidogo ukilala. Hakinyooshi mfupa wa mtu mzima. Pesa hizo ni bora uzipeleke kwa fundi viatu akutanulie kiatu pale penye nundu, au ununue kipande laini cha silikoni cha kuweka kati ya gumba na kidole cha pili.

Ukiyafanya hayo kwa miezi kadhaa na bado maumivu yanakutoa jikoni, hapo tuzungumze juu ya kisu. Maumivu ndiyo sababu ya kukatwa. Wanaokuja kwangu kwa ajili ya sura ya mguu huwarudisha nyumbani, kwa kuwa mguu usiouma ukiukata unaweza ukaanza kuuma.

Kitu cha kwanza ni eksirei, na ipigwe ukiwa umesimama. Naona picha nyingi zilizopigwa mgonjwa akiwa amelala. Mguu usiobeba uzito hudanganya. Kwenye picha tunapima pembe kati ya gumba na mfupa wake mrefu. Chini ya digrii 15 ni kawaida. Hadi 20 ni hali ndogo. Kati ya 20 na 40 ni ya wastani. Ikipita 40 ni kubwa. Tunapima pia mfupa wa kwanza umeachana na wa pili kwa kiasi gani, ambapo zaidi ya digrii 9 si kawaida. Namba hizo mbili, pamoja na hali ya kiungo, ndizo zinazoamua njia. Upasuaji ulioelezwa vitabuni kwa tatizo hili moja unapita aina 100, lakini zinazotumika sana ni chache.

Kwa hali ndogo au ya wastani, napasua ubavuni mwa mguu, mkato wa sentimita tano hivi. Kwa msumeno mdogo wenye meno membamba nakata mfupa karibu na kichwa chake, mkato wenye umbo la V, kisha nakisukuma kichwa milimita chache kuelekea kidole kidogo na kukifunga kwa skrubu. Kile kinachobaki kimetokeza ndicho kinachochongwa. Hali ikiwa kubwa zaidi, mkato huwa mrefu, wa umbo la Z, unaokwenda na urefu wa mfupa, na skrubu huwa mbili. Mfupa ukiwa umelegea kule chini, kwenye kiungo kilicho katikati ya mguu, basi kiungo kile hufungwa kabisa kisicheze tena. Huo ndio wenye safari ndefu. Mara nyingi unakaa wiki sita hivi bila kukanyaga sawasawa. Na kiungo cha gumba chenyewe kikiwa kimeshalika, kunyoosha mfupa peke yake hakutasaidia. Nitamjibu mzee mmoja hapa chini kuhusu hilo.

Skrubu kwa kawaida hubaki humo maisha, usiogope. Ganzi huwa ya mgongo au ya sindano kuzunguka kifundo, na wengi hurudi nyumbani siku ile ile. Lakini kwa vile kidole chako cha pili kimepanda juu ya gumba, huenda nacho kikahitaji kunyooshwa. Kidole kilichokakamaa hutolewa kipande cha mfupa kwenye kiungo chake, kisha hushikwa na waya mwembamba ambao ncha yake hutokeza nje kidoleni kwa wiki nne hadi sita. Ukiona waya huo usishtuke. Hutolewa kliniki, kwa koleo, na wengi hushangaa kwamba umeshatoka.

Nataka nikueleze hasa habari ya wiki za baadaye, kwa sababu wewe ni mtu wa kusimama. Wiki mbili za mwanzo mguu unakaa juu, juu zaidi ya moyo, karibu mchana kutwa. Unatembea kwenda msalani na kurudi, umevaa kiatu maalumu cha kukanyagia kisigino. Nyuzi hutolewa baina ya siku ya 10 na ya 14. Kiatu kile kinakaa hadi wiki ya sita, tunapiga eksirei nyingine, na mfupa ukiwa umeshika ndipo unahamia raba. Kusimama mbele ya karai la mafuta kwa saa saba, hesabu miezi mitatu. Uvimbe wa jioni unaweza kuendelea miezi sita, kwa wengine mwaka. Basi kabla hujaweka tarehe, mtafute atakayekanda na kuchoma kwa muda huo. Nimeona akina mama waliorudi jikoni wiki ya tatu kwa sababu ada ya shule haikungoja, na mfupa ukasogea ndani ya skrubu zake.

Hatari zipo: kidonda kuingia wadudu, ganzi ya kudumu ubavuni mwa gumba, kiungo kukakamaa, damu kuganda mguuni, maumivu kuhamia chini ya kidole cha pili, na nundu kurudi. Daktari asiyezitaja muulize yeye. Uliza pia makadirio kwa maandishi, yakionyesha ada ya daktari, ya ganzi, ya chumba, na ya skrubu. Skrubu ndizo zinazosahauliwa, kisha bili ikija familia inachangishana harambee upya.

Daktari, habari yako? Mimi ni soja Nyali, umri miaka 38, nasimama getini saa kumi na mbili kwa zamu. Kisigino cha kushoto kinaniuma sana asubuhi nikiteremka kitandani, hatua za kwanza ni kama kukanyaga mwiba, halafu inapungua. Jioni inarudi. Nilipigwa eksirei nikaonyeshwa mfupa umeota chini ya kisigino, umechongoka. Nimeambiwa ukatwe. Ni miezi mitatu sasa.

Habari ni njema, ndugu yangu. Usikatwe.

Kile kichongo ulichoonyeshwa kinaonekana kwa watu wengi sana wasio na maumivu yoyote. Ukisimama kwenye foleni ya feri Likoni na kupiga eksirei visigino vya wote, utavikuta vingi, na wenye navyo wanakimbilia feri vizuri tu. Kinachokuuma ni ule utando mgumu unaotoka kisiginoni kwenda vidoleni na kushika upinde wa unyayo. Umechoka pale unaposhikana na mfupa. Usiku unajikunja, asubuhi unaunyoosha ghafla kwa uzito wako wote, ndiyo ile hatua ya kwanza.

Kati ya watu kumi wenye tatizo hili, wanane au tisa hupona ndani ya mwaka bila kisu. Kabla hujateremka kitandani, pandisha mguu juu ya goti la pili, shika vidole uvivute kuelekea ugoko mpaka uhisi utando umekaza chini ya unyayo. Hesabu hadi kumi, achia, rudia mara kumi. Fanya mara tatu kwa siku, hata ukiwa kwenye kibanda cha getini. Nyoosha pia msuli wa nyuma ya mguu kwa kusukuma ukuta, goti limenyooka na kisigino kimegusa chini. Gandisha chupa ndogo ya maji, iviringishe chini ya unyayo jioni. Na uache kutembea peku kwenye sakafu ya vigae. Nyumba zetu za siku hizi ni nzuri kwa macho, si kwa visigino. Buti lako la kazi likiwa limekwisha soli, mwombe mwajiri jingine au tia soli laini ndani.

Sindano ya dawa ya kupunguza uvimbe inasaidia kwa muda. Lakini nimeona watu waliodungwa mara tano, sita, kila wakilalamika. Dawa hiyo inaweza kuukata utando, na kuyayusha mafuta yanayokinga kisigino, na mafuta hayo hayarudi. Zaidi ya moja au mbili, uliza kwa nini. Zipo pia mashine zinazopiga mawimbi kisiginoni, ambazo fizio wengine wanazo, na baadhi ya wagonjwa hunufaika.

Kisu huja baada ya miezi sita hadi kumi na miwili ya kujitahidi kweli, si ya kumeza dawa tu. Hapo hukatwa sehemu ya utando, isizidi nusu, kwa sababu ukikatwa wote upinde wa mguu hushuka na maumivu huhamia ukingo wa nje. Siku hizi wengine wetu tunapendelea kurefusha msuli wa nyuma ya mguu ikiwa ndio uliokaza, na kuuacha utando salama. Kichongo chenyewe, mara nyingi wala hakiguswi.

Kitu kimoja zaidi, kwa kuwa wewe ni kijana. Ikiwa visigino vyote viwili vinauma, na mgongo unaamka umekakamaa kwa zaidi ya nusu saa na kulegea ukitembea, mwambie daktari. Huo unaweza kuwa ugonjwa wa baridi yabisi ya mgongo wenye dawa zake, na kisigino kikawa ni mjumbe tu.

Kwa Bi Daktari. Mimi ni mstaafu wa bandarini Kilindini, miaka 61. Kidole gumba cha mguu wa kulia hakikunjiki, juu yake pana kigumu, na nikikaa tahiyatu machozi yanilengalenga. Daktari mmoja ataka kukifunga kiungo kwa vyuma kisicheze tena. Mimi nimemuuliza: je, nitaswali vipi? Akacheka. Sikupenda.

Wala mimi nisingependa, mzee wangu. Swali lako ni la kitabibu kabisa, na angelipaswa kukuuliza yeye kabla yako.

Kiungo chako kimelika. Ile gegedu nyororo inayofunika ncha za mifupa imekwisha, na mwili umejaribu kujisaidia kwa kuotesha mfupa juu yake, ndicho hicho kigumu. Kila ukikunja gumba kwenda juu, mfupa unagongana na mfupa. Kukaa tahiyatu, mguu wa kulia umesimama na vidole vimekunjwa kuelekea kibla, kunataka gumba likunjike karibu kabisa, na juu yake umeweka uzito. Hakuna mwendo wa kila siku unaolidai gumba zaidi ya huo, labda kupanda ngazi kwa ncha za vidole.

Kabla ya kisu, jaribu soli ngumu isiyokunjika. Makubadhi ya ngozi yenye soli nene ni bora kwako kuliko ndara laini, kinyume na wanavyodhani wengi. Sindano inaweza kukupa miezi michache.

Upasuaji uko wa namna mbili kubwa. Wa kwanza ni kuchonga kile kigumu cha juu pamoja na sehemu ndogo ya kichwa cha mfupa, ili gumba lipate nafasi ya kupanda. Kiungo kinabaki, unakanyaga karibu mara moja kwa ndara ya hospitali, na baada ya wiki mbili tunakuhimiza ulikunje. Unafaa ikiwa kiungo kimelika upande wa juu tu. Ukikunja gumba na maumivu yakaja mwisho wa mkunjo peke yake, una nafasi nzuri. Ukiumia hata katikati, pale linapocheza kidogo tu, uchongaji hautakutosha.

Wa pili ndio aliokuambia: kusugua mabaki ya gegedu, kuunganisha mifupa miwili kwa skrubu au bamba, ikawa mmoja. Kwa kuondoa maumivu hakuna unaoushinda. Zaidi ya watu tisa kati ya kumi huunganika vizuri. Watu hutembea, hupanda baiskeli, wengine hukimbia. Gumba halifungwi likiwa bapa, huinuliwa kidogo, digrii 10 hadi 15 kutoka sakafuni, ili upate kupiga hatua. Lakini halitakunjika tena pale kiunganoni, milele. Kile kikao chako cha kulia hutakipata kama zamani. Utahitaji kulaza mguu pembeni, au kukaa kitini.

Kipo pia kiungo bandia cha gumba. Kinaacha mwendo kidogo, lakini huchakaa na kulegea, na kukibadilisha baadaye ni kazi ngumu kuliko kufunga tangu mwanzo. Mimi sikipendekezi kwa mtu anayeweka uzito juu yake mara tano kwa siku.

Fikihi muulize imamu wa msikiti wako, hilo si langu. Ninalojua kutoka kwa wagonjwa wangu ni kwamba masheikh wamewaambia mwenye udhuru akae awezavyo, na kwamba penye bendeji mtu hupangusa juu yake bila kuifungua. Hilo la bendeji nalishikilia sana, kwa sababu kidonda kinacholoweshwa mara tano kwa siku katika unyevu wa Mombasa hakikauki. Na mzee wa Mji wa Kale aliyefungwa gumba aliniambia kwamba kabla ya upasuaji alikuwa akiswali kitini kwa maumivu. Sasa yuasujudu chini, mguu ameulaza pembeni. Basi jipime: leo, kwa maumivu uliyo nayo, unakaa vipi? Ikiwa kikao kile umeshakikosa, hukipotezi kwa kisu. Ikiwa bado unakipata kwa machozi, mwombe daktari akuambie wazi kama kuchonga kunatosha, akuonyeshe na picha.

Daktari, niko kidato cha tatu, nacheza mpira Tononoka. Kucha ya gumba inaingia ndani ya nyama, inatoa usaha. Nimeng'olewa kucha mara mbili kwenye kliniki mtaani, ikaota ikaingia tena. Sitaki tena kung'olewa.

Una haki. Kung'oa kucha nzima na kuacha mzizi wake ni kuahirisha. Inayoota hufuata njia ile ile, wakati mwingine ikiwa nene zaidi.

Unachohitaji ni kuondolewa ule ukanda wa pembeni tu, milimita tatu au nne, pamoja na mzizi wake. Utadungwa sindano mbili za ganzi chini ya gumba, huku na huku, na hapo ndipo penye uchungu wote. Usimwamini anayekuambia hutasikia kitu. Gumba likishafa ganzi linafungwa mpira kuzuia damu. Ukanda wa kucha unakatwa kutoka ncha hadi chini ya ngozi na kuvutwa nje, na utashangaa kuona kipande kilichokuwa kimezama kilivyo kirefu. Kisha pamba yenye dawa ya fenoli inasuguliwa kwenye mzizi kwa dakika moja hivi, mara kadhaa, kuua pale panapoota. Mpira unafunguliwa, bendeji, unarudi nyumbani kwa miguu yako. Hakikisha umeuona mpira ukitolewa. Si mzaha, ukisahauliwa gumba hufa.

Patatoa maji maji kwa wiki mbili hadi nne, ndiyo kazi ya fenoli, si lazima iwe usaha. Osha kwa maji safi ya chumvi, badilisha bendeji. Kucha itabaki nyembamba kidogo kwa maisha yako. Kucheza mpira, baada ya kidonda kukauka. Na wembe wa kuchokoa kona uutupe. Kata kucha moja kwa moja, kona zionekane.

Bi Daktari, naandika kwa ajili ya babangu, Changamwe, miaka 66, ana sukari miaka mingi. Kidole cha pili cha mguu kimejikunja kama kucha ya ndege, na ncha yake ina sugu nyeusi. Haimuumi kabisa, kwa hivyo yeye hajali. Huikwangua kwa wembe. Tumtafutie daktari wa kunyoosha kidole?

Mtafutie daktari wiki hii, binti yangu, lakini si kwa kunyoosha kwanza. Kutouma ndiko kunakonitisha. Sukari imeua hisia za mguu, na weusi ndani ya sugu mara nyingi ni damu iliyovuja chini yake, maana yake kidonda kimeshaanza. Wembe uishe leo. Vile vibandiko vya sugu vinavyouzwa dukani vina tindikali, asivitumie. Asikande kwa maji moto.

Kliniki ya sukari, Makadara au popote mlipo karibu, waombe mambo matatu: wamguse nyayo kwa ule uzi wa plastiki wa kupimia hisia, wapime mapigo ya damu mguuni, na wampime ile sukari ya wastani wa miezi mitatu (HbA1c). Mapigo yakiwa hafifu, hakuna wa kukata chochote mpaka mishipa ya damu ichunguzwe, kwa sababu kidonda cha daktari nacho hakitapona. Sukari ya miezi mitatu, kwa upasuaji usio wa dharura, wengi wetu tunataka iwe chini ya asilimia 8.

Damu ikiwa inafika vizuri na kidole kikiwa bado kinanyooka kwa mkono, kuna jambo dogo la kupendeza: kano inayokikunja hukatwa chini ya kidole kwa ncha ya sindano au kisu kidogo, pale pale kliniki, kidole kinalegea na ncha yake inaacha kugonga chini. Vidonda vingi vya ncha hupona baada ya hapo.

Akiwa na homa, harufu, wekundu unaopanda mguuni, au kidole kimegeuka cheusi kizima, msisubiri kliniki. Nendeni siku hiyo hiyo, hata usiku. Na kama anavuta sigara, mwambie nimesema mimi.

Nafanya kazi benki, Digo Road. Kati ya kidole cha tatu na cha nne panawaka moto nikivaa viatu vya mchuchumio. Nikivua na kusugua, panapoa. Niliambiwa ni neva iliyovimba, inaweza kutolewa.

Inaweza, lakini badilisha kiatu kwanza: pana mbele, kisigino kifupi, na kimto kidogo nyuma ya vidole cha kuitanua mifupa. Ikishindikana, sindano moja inayoelekezwa kwa picha ya ultrasaundi. Kutoa neva hufanywa kwa mkato wa juu ya mguu, na wengi hupata nafuu, ila pale kati ya vidole viwili hutahisi kitu tena, na wachache hubaki na kisiki cha neva kinachouma kuliko mwanzo. Viatu vya mchuchumio viweke mkobani, uvivae ukifika penye meza.

Naendesha tuktuk Mwembe Tayari hadi Feri. Wiki ijayo nakatwa nundu mguu wa kushoto. Nirudi barabarani lini? Na ingekuwa wa kulia?

Ingekuwa wa kulia ningekuwa mkali zaidi, kwa sababu breki ya tuktuk iko chini ya mguu huo. Huo haurudi barabarani mpaka kiatu cha hospitali kimetoka na unaweza kukanyaga breki kwa nguvu zako zote bila kusita, kwa kawaida wiki sita hadi nane. Kaa ndani ya tuktuk iliyosimama, injini imezimwa, ukanyage kama mtoto amekukatiza mbele. Ukijikunyata, hujawa tayari.

Wa kushoto hauna kazi, klachi na gia zipo mkononi. Hata hivyo, wiki mbili za mwanzo usijaribu, mguu ukining'inia utavimba na kidonda kitaachana. Baada ya nyuzi kutoka, tukipiga eksirei ya wiki ya sita na mfupa umeshika, rudi kwa nusu siku kwanza. Muulize na wakala wako wa bima, maana ajali ukiwa na kiatu cha hospitali mguuni ni kesi ya kujitakia. Kwa sasa tafuta skwodi, dereva wa kukushikia zamu, unayemwamini, mkubaliane hesabu ya jioni kabla hujalala kwenye meza, na umwambie asiguse karabureta.